Igogo, gari haliwezi kupanda mawe

Igogo, jijini Mwanza, nyumba nyingi zimekaa juu ya mawe, na njia ni ngazi nyembamba zinazopinda kati ya miamba. Mjamzito akianza kutokwa damu usiku wa manane, hospitali ya Bugando haiko mbali hata kidogo. Kazi ni kumfikisha barabarani, kisha kupata gari.

Kazi hiyo ya pili imepata dawa, tena dawa iliyopikwa hapa hapa Kanda ya Ziwa. Mfumo wa m-mama ulijaribiwa Sengerema, ng'ambo ya ghuba, na mkoani Shinyanga, Serikali ikishirikiana na Vodafone Foundation na wadau wengine. Waliouunda waliangalia nani tayari ana gari kijijini. Ukipiga 115, bila malipo, mratibu huuliza dalili na kuziingiza kwenye programu, ambayo humwonyesha kituo kinachofaa na usafiri ulio karibu. Gari la wagonjwa likiwa mbali, huitwa dereva jamii, mtu wa kawaida mwenye gari lake aliyesajiliwa na kufundishwa. Mgonjwa akipokelewa, dereva hulipwa kwa simu. Familia haitoi hata senti. Mwaka 2022 Rais Samia alizindua mpango wa kuueneza nchi nzima.

Kabla ya hapo, mwaka 2018, tuliposhangilia ndege isiyo na rubani ya Wajerumani ikipeleka dawa Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, nilifurahi pia. Lilikuwa jaribio la miezi sita. Lakini kwangu mimi, ubunifu wenye uzito ni ule unaompa kazi mtu wa mtaani na kumlipa kwa wakati.

Ndiyo maana naona Igogo bado inadai kitu. Dereva huishia pale lami inapoishia. Kutoka mlangoni hadi hapo, mama hutegemea huruma ya majirani, ilhali wapo vijana wanaopandisha maji, saruji na magunia kila siku, wanaoijua kila ngazi hata gizani. Nao wasajiliwe, wafundishwe kubeba mgonjwa, wapewe machela, walipwe kama dereva anavyolipwa.

Wenyeviti wa mitaa, anzeni kuorodhesha majina yao sasa. Nawe msomaji, kama nyumbani kuna mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au kichanga, iandike 115 ukutani leo.