Mwanya wa Ubao wa Umeme na Vumbi Lake



Ndani ya chaja ya mizani ya majani ya chai, na ndani ya vyombo vingi vinavyochomekwa kwenye umeme wa volti 240, mna ubao mwembamba wenye njia za shaba. Mara nyingi, kati ya upande wa umeme mkali na upande wa umeme mdogo, pamekatwa mwanya mrefu. Mwanya huo si pambo.

Vumbi na unyevu vikitanda juu ya ubao, umeme huweza kutambaa juu yake, ukaunguza njia yake kidogo kidogo na hatimaye kumfikia aliyeshika chombo. Mwanya huikata njia hiyo. Kwa kanuni za kimataifa, mahali pa kawaida kama nyumbani na ofisini, mwanya kwa kawaida sharti uwe na upana wa milimita 1 au zaidi ndipo uhesabiwe kuwa kinga. Mahali penye uchafu na unyevu mwingi, milimita 1.5.

Je, unachongwaje? Ziko njia tatu.

Kwanza, kutoboa matundu yanayopandana. Anza na matundu ya ncha mbili, kisha la katikati, ndipo ujaze yaliyobaki. Ukifululiza kutoka upande mmoja, kekee huvutwa kwenye tundu lililokwisha kutobolewa. Mwanya hupinda na ncha huvunjika.

Pili, kuchonga kwa mashine yenye kisu cha tangsteni kabaidi, kinachozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Kwa kuwa kisu ni cha mviringo, pembe za ndani za mwanya haziwi kali. Mwanya unaotakiwa kuwa na shaba ndani huchongwa kabla ubao haujatiwa shaba. Usiotakiwa kuwa nayo huchongwa baadaye.

Tatu, ubao wa karatasi na gundi huweza kukatwa kwa pigo moja la mashine yenye kalibu.

Sasa tutazame vumbi. Ubao unaotumika zaidi ni wa nyuzi za kioo zilizoshikizwa kwa gundi ya epoksi. Vumbi lake huwasha ngozi, macho na koo, na chembe zilizo ndogo sana huingia mapafuni. Kwa hiyo:

1. Mashine iwe na bomba la kufyonza vumbi pale pale kisu kinapokata.
2. Vumbi lisipulizwe kwa hewa ya kompresa wala lisifagiliwe likiwa kavu.
3. Miwani ivaliwe, maana kisu kikivunjika vipande huruka.
4. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kwa watoto.

Na gharama ni ya nani? Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika Ibara ya 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Juni 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya Shirika hilo.

Basi mwenzetu anayekatwa mshahara kwa ajili ya miwani au barakoa asinyamaze. Atunze hati yake ya mshahara, aipeleke kwa mwakilishi wa chama kiwandani, na jambo hilo liwekwe mezani kwa mwajiri.