Rais Aliyeomba Msamaha kwa Dhambi za Dola

Katika Sakramenti ya Kitubio Mama Kanisa anamdai mwenye kutubu majuto, maungamo na malipizi. Je, dola iliyoua raia wake nayo yaweza kutubu? Nani aungame kwa niaba yake? Habari ya Patricio Aylwin wa Chile yatusaidia kulitafakari swali hilo.

Aylwin, mwanasheria Mkatoliki na kiongozi wa chama cha Demokrasia ya Kikristo, hakuwa mtu asiye na doa. Jenerali Augusto Pinochet alipotwaa madaraka tarehe 11 Septemba 1973, yeye alikuwa miongoni mwa waliodhani kwamba jeshi limeiokoa nchi. Baadaye akawa kiongozi wa wapinzani walioshinda kura ya maoni ya mwaka 1988, na tarehe 11 Machi 1990 akaapishwa kuwa Rais. Lakini Pinochet aliendelea kuwa mkuu wa jeshi hadi 1998, na sheria ya msamaha ya mwaka 1978 ilizidi kuwakinga wauaji.

Mwezi uliofuata Aylwin aliunda Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya mwanasheria Raúl Rettig. Katika wajumbe wake wanane alimo hata aliyewahi kuwa waziri wa Pinochet, ili pasiwe na wa kusema kwamba ni kisasi cha washindi. Tume ilitegemea sana kumbukumbu za Vikarieti ya Mshikamano, iliyoanzishwa mwaka 1976 na Kardinali Raúl Silva Henríquez, ambayo watumishi wake waliandika kwa uangalifu habari za waliokamatwa na waliopotea. (Makatibu wa parokia wanaochoshwa na madaftari na walikumbuke hilo.)

Tarehe 4 Machi 1991, akiwa mbele ya televisheni, Aylwin aliwaeleza wananchi yaliyomo katika ripoti: watu 2,279 waliouawa au kupotezwa. Kisha, sauti ikimkatika, akaziomba familia zao msamaha kwa niaba ya taifa zima. Tuzingatie vema: hakusamehe, aliomba. Kusamehe ni kwa aliyekosewa, na hakuna kura inayomhamishia Rais haki hiyo. Aliwasihi pia wanajeshi wakiri maumivu waliyosababisha. Jeshi likaikataa ripoti.

Hivyo maungamo yalifanyika, japo si kwa kinywa cha wakosaji wenyewe. Malipizi yalikuja kidogokidogo: mwaka 1992 sheria ilizipatia familia pensheni, lakini mahakama zilikwenda kwa mwendo wa kobe. Upungufu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba walioteswa wakabaki hai hawakuhesabiwa. Hao walisubiri hadi mwaka 2003, ilipoundwa tume nyingine ya kuwasikiliza, chini ya Askofu Sergio Valech, aliyewahi kuiongoza Vikarieti ileile ya Mshikamano.