Lebo Iliyo Chini ya Kochi

Kochi bado zima. Miguu minne imesimama imara, zipu za foronya zinafungwa vizuri, na mwenye nyumba amekwishawatangazia majirani kuwa analitoa kwa hisani. Gari la shirika linafika, kijana anainua mto wa kukalia, anapapasa chini yake, kisha analipindua kochi na kukagua tumbo lake. Anatikisa kichwa. Gari linaondoka tupu.

Kwa anayeishi Uingereza kisa cha namna hii si kigeni. Kijana alikuwa akitafuta lebo ndogo iliyoshonwa au kubanwa pini kwenye kochi, inayoeleza kuwa kitambaa na sponji vimepita majaribio ya kushika moto. Mara nyingi lebo hiyo hukatwa mapema na mwenye kochi mwenyewe, kwa kuwa inamkera ikichungulia pembeni. Miaka mingi baadaye mkasi ule unamgharimu.

Chimbuko la ukali huu ni msiba. Tarehe 8 Mei 1979 moto ulizuka katika sehemu ya fenicha ya duka la Woolworths jijini Manchester. Makochi yaliyojazwa sponji ya poliyurethani yalishika moto upesi na kutoa moshi mzito wenye sumu. Watu 10 walipoteza maisha. Kanuni za usalama wa fenicha zilipotungwa mwaka 1988, zililenga hasa sponji na vitambaa vya namna hiyo, na kuanzia Machi 1993 zikaibana fenicha iliyokwishatumika pia. Iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1950 imesamehewa, maana enzi hizo viti vilijazwa vitu kama manyoya ya farasi.

Hapa ndipo watoaji wengi wanapoteleza. Wanadhani wanampa mtu zawadi, kumbe wanamletea muuza duka bidhaa. Mashirika kama British Heart Foundation hukusanya fenicha bure majumbani na kuiuza madukani mwao, kisha fedha ndizo zinazofanya kazi ya hisani. Jumuiya za Emmaus, zilizoanzia Ufaransa mwaka 1949, huwapa makazi watu waliokuwa hawana pa kulala, nao hukarabati na kuuza vitu vilivyotolewa. Sheria haimwangalii muuzaji kwa jina lake: kochi lisilokidhi masharti halifai kuuzwa na duka lolote, hata la hisani, na pasipo lebo ni vigumu kuthibitisha kuwa linakidhi.

Kochi lililokataliwa lina matatizo yake. Ili lisishike moto, watengenezaji wengi walitia kemikali za kuzuia moto, na baadhi ya kemikali hizo sasa zinajulikana kuwa ni sumu isiyooza, inayodumu ardhini na majini. Tangu Januari 2023 Wakala wa Mazingira wa England unasimamia sharti kwamba viti vya nyumbani vyenye kemikali hizo, vikishakuwa taka, vichomwe katika tanuri maalumu badala ya kufukiwa jalalani. Kochi linaloendelea kutumika halimo katika sharti hilo. Kwa hiyo lebo ile ile ndogo ndiyo inayoamua kama kochi litakaliwa miaka mingine kumi au litaingia motoni, na mara nyingi mwenye kochi ndiye anayeilipa halmashauri ije kulibeba.

Meza, kabati na viti vya mbao tupu havina kesi hiyo. Adui wa vitu hivi ni bisibisi. Kabati la MDF (ubao wa kusindikwa) likifunguliwa na kufungwa tena, skrubu hula tundu na milango huanza kulegea, hivyo ni heri likabebwa zima kama linapita mlangoni. Kitanda kikilazimika kufunguliwa, bolti na nati zake ziwekwe kwenye mfuko mdogo na kubandikwa kwa utepe wa gundi kwenye ubao wa kichwani. Kitanda kisicho na bolti zake ni kuni.

Halafu kuna kunguni. Mkaguzi mzoefu haanzi katikati ya godoro, bali kwenye mshono wa pembeni, kwenye tundu za skrubu na pale chaga zinapokutana na fremu. Huko hutafuta vidoa vyeusi mithili ya wino uliodondoka. Kunguni wachache wakiingia ghala, fenicha yote iliyomo inatiliwa shaka.

Yote haya yanaeleweka zaidi ukimtazama anayepokea. Tutoke Uingereza kidogo, twende Marekani. Mwaka wa fedha wa 2016, Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokewa huko, zaidi ya watu 16,000, wakiwamo wengi wanaozungumza Kiswahili. Kabla mpango wa nchi hiyo wa kupokea wakimbizi haujasimamishwa Januari 2025, mashirika ya mapokezi yalitakiwa kuandaa nyumba kwa orodha maalumu: vitanda, mahali pa kuhifadhia nguo, kochi au viti vya kukalia, meza ya jikoni na kiti kimoja kwa kila mtu. Haikulazimu viwe vipya, bali viwe safi, vizima na vinavyofanya kazi. Sasa chukua familia ya watu wanane. Seti ya meza yenye viti vinne inaacha watu wanne wamesimama, na kabati kubwa la vyombo la nyumba ya ghorofa halipandi ngazi za fleti yao.

Anayetaka kutoa fenicha Uingereza anaweza kumaliza ukaguzi kabla hajapiga simu: apige picha ya lebo, apime upana wa kochi na wa mlango, aeleze kasoro bila kuficha. Kama analipa kodi ya mapato huko, ajaze pia fomu ya Gift Aid, inayoliruhusu shirika kudai serikalini peni 25 kwa kila pauni 1 ya mauzo. Kochi likiuzwa pauni 80, shirika linapata 100.