Ushuru wa Kahawa Si Zaka



Ndugu Waislamu, neno "ushuru" linalosikika kila msimu wa kahawa huko Rugu, wilayani Karagwe, asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni sehemu moja ya kumi. Ndicho kiwango alichokibainisha Mtume (S.A.W.) kwa mazao yanayonyweshwa na mvua, yanayomwagiliwa kwa taabu ni nusu yake. Ushuru wa halmashauri, kwa upande wake, unatokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, na mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Kwa kufanana majina, wapo wanaodhani kwamba kahawa iliyokwisha kukatwa ushuru imekwisha kutolewa zaka.

Dhana hiyo si sahihi. Wanaostahiki zaka ni makundi manane yaliyotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60, na mfuko wa halmashauri si mmojawapo. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, aliieleza kwa urefu katika kitabu chake cha Fiqhi ya Zaka kwamba kodi ya dola, hata ikiwa ya haki, haiondoi faradhi hiyo.

Wala wanachuoni hawakuiachia dola ijitozee ipendavyo. Kadhi Abu Yusuf, aliyefariki mwaka 798, alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid Kitabu al-Kharaj, akipendekeza mgawo wa mavuno badala ya kiwango kisichobadilika, ili mwaka wa mavuno haba usimwangamize mkulima. Alipinga pia kuwauzia watu binafsi haki ya kukusanya kodi, kwani hudhulumu ili warudishe walichotoa. Waliowahi kukimbizwa kwa ajili ya kodi ya maendeleo, iliyofutwa nchini mwaka 2003, au kubishana na mawakala wa ushuru kwenye vizuizi, watamwelewa kadhi huyo bila mkalimani.

Je, kahawa yenyewe ina zaka? Hapa maimamu wamehitilafiana. Kwa Imam Shafi, ambaye wengi wetu tunamfuata, zaka ya mazao ni ya chakula kikuu kinachohifadhika. Kahawa haimo, na hata ndizi haimo. Imam Abu Hanifa huiwajibisha kwa kila kinachooteshwa na ardhi, na al-Qaradawi ameelekea huko.

Tuchukue kahawa ya shilingi 2,000,000 iliyopata maji ya mvua tu. Kwa kiwango cha mwaka 2017, ushuru ni shilingi 60,000, na hata pale mnunuzi anapoulipa yeye, mkulima huuona katika bei. Kwa Abu Hanifa zaka ni shilingi 200,000. Kwa Shafi hakuna kitu siku ya mavuno. Lakini fedha zikibaki mkononi mwaka mzima wa Kiislamu na kufikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, hutolewa asilimia 2.5. Mfanyabiashara anayenunua kahawa ili aiuze, yeye hana pa kujificha: bidhaa zake huhesabiwa kila mwaka kwa asilimia hiyo hiyo, awe na risiti ya halmashauri au asiwe nayo.