Mtembeze mzazi kwa hatua zake, si zako



Wengi wetu, mzazi akipatwa na kiharusi, humlaza tu kitandani tukidhani ndiyo huruma. Kumbe kulala muda mrefu hudhoofisha misuli, huleta vidonda mgongoni na kugandisha damu miguuni. Daktari akisharuhusu, mzazi na atembee kila siku.

Mimi ni tabibu, lakini somo hili nilifundishwa na baba yangu. Tunakaa Ngamiani, Tanga, ambako barabara huitwa kwa namba. Siku za mwanzo nilitaka tutoke Barabara ya 12 tufike ya 10 kabla sijaenda kazini. Asubuhi moja, kwa haraka zangu, nikamvuta kwa mkono uliopooza. Bega likamuuma siku nne. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, nilipokuwa nikikupeleka chuoni, mimi nilikuwa nakungoja." Niliona haya.

Basi ndugu yangu, usirudie kosa langu. Simama upande wake uliolegea, nyuma kidogo, umshike kiunoni. Bakora aishike kwa mkono wenye nguvu. Avae viatu vya kufunga, si kandambili. Tokeni baada ya Alfajiri kukipambazuka, au baada ya Alasiri jua likipoa. Anzeni na dakika 5, muongeze kidogo kidogo. Kipimo ni mazungumzo: akishindwa kusema kwa kukosa pumzi, pumzikeni. Akiumwa kifua au akipata kizunguzungu, mketishe na utafute msaada. Mdomo ukienda upande, mkono ukalegea zaidi ghafla, au maneno yakapotea, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Na dawa za presha asiziache hata akijiona mzima.

Siku hizi naamka mapema zaidi. Tunasimama kila penye baraza, baba anaitikia salamu za wazee wenzake kwa ulimi mzito. Zamani niliona tunapoteza muda. Sasa najua huo nao ni mazoezi ya ulimi, na moyo wake hufurahi.

Surat Al-Israa, aya ya 23 na 24, inatuamrisha kuwatendea wema wazazi wanapofikia uzee. Wema huo, kwangu, ni mwendo wa polepole. Msikitini hatujafika kwa miguu bado. Tumefika Barabara ya 11, Alhamdulillah.

Allah awaponye wazazi wetu. Amin.