Mjane, Eda na Sentensi Iliyotoka Kwenye Kompyuta



Kijana mmoja alinijia baada ya sala ya Alasiri akiwa na karatasi mkononi. Kaka yake alikuwa amefariki dunia, na baadhi ya jamaa walimtaka mjane ahame nyumba ya marehemu kabla ya kumaliza eda. Hoja yao ilikuwa sentensi moja ya Kiarabu, waliyoipata kwa kutafuta neno "sukna", yaani makazi, katika Maktaba Shamila, programu ya kompyuta iliyokusanya maelfu ya vitabu vya dini. Ilisema mjane hana haki ya makazi. Tena ilitoka katika sherehe ya Minhaj ya Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, 1277), kitabu wanachokisoma Mashafii wa pwani yetu. Nani angethubutu kuipinga?

Mimi mwenyewe naitumia programu hiyo. Upekuzi uliotuchukua wiki nzima tulipokuwa wanafunzi, leo huisha kabla chai haijapoa. Lakini mashine hutafuta herufi. Haijui kwamba Nawawi ana istilahi zake, alizozieleza katika utangulizi. Akisema "al-azhar", anakusudia kauli iliyo dhahiri zaidi miongoni mwa kauli za Imamu Shafii mwenyewe, mahali ambapo hitilafu ina nguvu. Washereheshaji huitaja na kauli ya pili, ili mwanafunzi aijue, si ili aitolee hukumu.

Tukafungua ukurasa mzima. Mistari michache juu ya sentensi ile, matini inasema kuwa mjane aliye katika eda ana haki ya makazi, kwa al-azhar. Dalili yake ni Hadithi ya Furay'a bint Malik, aliyeamrishwa na Mtume (s.a.w.) akae nyumbani mwake hadi eda iishe, imo katika Muwatta na katika Sunan ya Abu Dawud. Mwanzoni mwa sentensi ya jamaa palikuwa na neno moja, "ya pili". Aliyenakili aliliacha.

Mawakili nao wamejikwaa hapa, na vibaya zaidi. Mwaka 2023 jaji mmoja mjini New York, Marekani, aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000, kwa kuwasilisha mahakamani hukumu zilizobuniwa na programu ya ChatGPT. Sentensi ya jamaa, walau, ilikuwemo kitabuni.

Kijana aliikunja karatasi, akauliza eda imebaki siku ngapi. Tukahesabu kwa miezi ya mwandamo. Zilikuwa zimebaki siku sitini na mbili.