Balozi wa nyumba kumi na kivuli cha baiskeli

Msomaji wa Ngamiani anauliza: mbona baiskeli za kwenye gemu huonekana kama zinaelea, ilhali tairi limechorwa chini kabisa? Swali la mtu wa Tanga hilo, mji wa baiskeli.

Namna kompyuta inavyochora gurudumu tuiruke. Utamu uko kwenye kivuli.

Simamisha baiskeli juani saa kumi jioni. Tairi linapogusa ardhi, kivuli kimekatwa kwa wembe. Kifuate hadi kwenye usukani: kingo zimelegea. Jua si nukta, ni sahani, na liko mbali takribani mara 108 ya upana wake. Mwanga ukisafiri sentimita 108 baada ya kukipita kitu, ukingo wa kivuli hutanuka sentimita 1. Spoku ya milimita 2 hupoteza kiini cheusi cha kivuli chake ndani ya sentimita 22 tu.

Ukingo huo wengine huuita nusukivuli. Neno hilo silitaki. Nusu ni nusu, na hapa mwanga hufifia kidogo kidogo. Tunalo utusitusi, giza la magharibi lisilojiamulia. Nachukua hilo.

Mwaka 1978 Lance Williams aliifundisha kompyuta kusimama penye taa na kukumbuka inachokiona kwanza. Kilichojificha nyuma yake kimo kivulini. Jibu likawa ndiyo au hapana, na kingo kali kila mahali. Mwaka 1987 Reeves, Salesin na Cook wakaleta, tuseme, balozi wa nyumba kumi. Kila nukta ya kioo ina balozi wake, anayepita kuuliza: "Hapo kwenu jua lipo?" Nyumba nne zikisema lipo, nukta hupewa mwanga asilimia 40. Lakini huyo huuliza nyumba zilezile kumi daima, kwa hiyo hata chini ya tairi kivuli hulegea.

Mwaka 2005 Randima Fernando akampa balozi swali la kutangulia: "Anayewakinga jua yuko mbali kiasi gani?" Yuko jirani? Huuliza nyumba mbili tatu za ubavuni. Yuko mbali? Huzunguka mtaa mzima. Balozi hukisia, na mizunguko huichosha mashine, tuyaache hayo.

Ndugu wa Ngamiani, jicho lako hutafuta pale utusitusi unapokwisha, ndipo liamini kwamba tairi limetua. Kwenye gemu lako, lenye balozi wa awali, haukwishi popote.